Vikombe Viwili vya Siki

3 Machi

Binti yangu,

Hujambo? Nilipoandika hilo neno la juu niliona nimejipa cheo ambacho hujanipa, nikalifuta. Karatasi ikachakaa, neno likawa bado linaonekana, nikaona nilirudishe tu. Mimi ndiye niliyeolewa na baba yako mwezi wa saba mwaka jana. Nimejaribu simu, ila namba yangu huipokei, na ya baba yako siku hizi pia huipokei. Kama hutaki kujua zaidi kunihusu, basi soma tu, ni mambo ya jikoni.

Baba yako alilazwa Januari wiki mbili, mapafu. Daktari alisema ni vumbi la mbao la miaka arobaini, hata seremala mwenye kifua cha chuma lingemfikia. Sasa yuko nyumbani na kifua kimetulia, lakini chakula hali. Nikimwekea chakula anakizungusha kwenye sahani kama mtu aliyedondosha kitu humo ndani, halafu anasema ameshiba. Mkanda wake nimeutoboa matundu mawili mapya.

Anataja mchuzi wa sungura na mboga aliokuwa akipika marehemu mama yako. Namna ulivyopikwa yeye hajui, unamfahamu, miaka yote alianza kuujua ukishafika mezani. Shangazi yako anasema aliyekuwa akisimama jikoni na mama yako ni wewe peke yako. Jirani yetu, yule mwalimu mstaafu, anafuga sungura na ameniahidi dume mmoja mnene.

Naomba uniandikie maelekezo. Baba yako hajui kuwa nakuandikia.

Mke wa baba yako


12 Machi

Kwa mke wa baba,

Barua nimeipata. Sikuwa na habari kuwa alilazwa. Hii ni mara ya pili jambo kubwa la nyumba hiyo kunifikia likiwa limeshapita, na ya kwanza ilikuwa ndoa yenu, niliyoambiwa na Shangazi kwenye simu wakati anaulizia bei ya mapazia.

Niko kazini, kituo cha kusafishia maji. Kila baada ya saa mbili napima maji, kwa hiyo nafasi ya kuandika ni ndogo. Maelekezo ni haya.

Sungura mmoja, vipande vinane. Usimkaange, aingie sufuriani akiwa mbichi. Siki vikombe viwili. Karafuu, kijiko kimoja cha chakula. Karoti sita, viazi vinane, vitunguu vinne, nyanya sita, vyote viingie pamoja na nyama tangu mwanzo. Moto mkali, saa mbili na nusu. Chumvi vijiko vitatu, mwishoni.

Usipunguze kitu wala usiongeze. Mama alikuwa hakisii, alikuwa anapima.

Msalimie Baba.

Binti yake


24 Machi

Binti yangu,

Ahsante kwa kunijibu, na pole na kazi. Nisamehe kwamba habari ya kulazwa haikukufikia. Nilidhani baba yako amekuambia, na yeye alidhani mimi nimekuambia. Ndiyo nyumba tuliyonayo.

Jumamosi nilipika. Mwalimu alimleta yule dume akiwa ameshachinjwa na kusafishwa, mimi nikamkata vipande vinane kama ulivyosema: mapaja mawili, miguu ya mbele miwili, mbavu mbili, na mgongo mara mbili. Nilimenya mboga zote nikazipanga mezani kwa idadi yako. Nilipofika kwenye siki nilivua miwani, nikaifuta kwa kanga, nikasoma tena. Ni vikombe viwili. Nikamimina viwili.

Nilifungua madirisha yote. Baada ya nusu saa Mwalimu aliuliza kutoka ng'ambo ya ukuta kama baba yako amerudi kazini, maana anasikia harufu ya dawa ya kusafishia samani. Nikamwambia tunapika. Viazi viliyeyuka vyote, sikukuta hata kimoja, nikasema labda ndivyo unavyotakiwa uwe.

Baba yako amekula sahani mbili. Nasema mbili, na ya pili akaipangusa kwa mkate. Kisha akaenda kukaa barazani na akakaa huko mpaka jua likamhamisha. Jumamosi ijayo anataka tena.

Labda kitu kimoja hukuambiwa. Karakana ya magari niliyofanyia kazi miaka ishirini na miwili, nilikuwa jikoni. Nilikuwa napikia mafundi mia moja na hamsini kila mchana, na wao ndio walionipa jina la Mama Upawa, kwa sababu aliyekuja mara ya pili kwa kujifanya hajala nilikuwa namgonga nao vidoleni. Kama huna la kuniita, hilo lipo, na limeshazoea watu wa kila aina.

Jambo jingine. Kipande kimoja cha mgongo baba yako alikitenga kwenye kisahani cha bluu, akakifunika, akasema kisiguswe. Nikamuuliza ni cha nani, akasema kina mwenyewe. Kilikaa kabatini mpaka Jumatatu, ikabidi nikitupe. Kisahani nimekiosha.

Mke wa baba yako


2 Aprili

Mama Upawa,

Nimesoma barua yako nikiwa kwenye chumba cha vipimo, nikaiweka chini, nikaichukua tena, mwenzangu wa zamu akaniuliza kama kuna msiba.

Sahani mbili? Niambie ukweli. Baba anasikia ladha? Anasikia harufu? Nimewahi kusoma kwamba wapo wanaougua mapafu na ulimi unakufa ganzi. Muulize daktari, usimuulize yeye, yeye atasema mzima hata akiwa amelala kwenye machela. Mpe kahawa isiyo na sukari bila kumwambia, uone kama atakunja uso. Kama hatakunja niambie haraka.

Hiyo siki nadhani uipunguze. Uipunguze sana. Niliandika kwa haraka. Karafuu pia, kijiko kizima ni nyingi, mbili tatu zinatosha. Na chumvi ni vile utakavyoona wewe mwenyewe.

Sikujua kama wewe ni mpishi. Shangazi alisema tu "mtu wa karakana", mimi nikadhani ulikuwa karani.

Kama hali ya Baba ni mbaya kuliko unavyoiandika, nakuomba uniambie wewe. Nisije nikaisikia kwa Shangazi katikati ya mapazia.

Hicho kisahani cha bluu, ndicho chenye ufa pembeni?

Binti yake


9 Aprili

Mama yangu,

Hujambo mwanangu. Natumia penseli ya kazi, maana kalamu sijawahi kujua kuichonga. Ningekupigia simu, ila kikohozi kinapenda kuongea kabla yangu, na haya nataka niyaseme bila kukatizwa.

Ulimi wangu ni mzima. Ile kahawa yako nililetewa nikaitema kwenye sahani yake, kwa hiyo kipimo chako kimetoa majibu. Pua nayo nzima. Kwa siki ile, hata pua ya sanamu ingeamka.

Nikueleze ilivyokuwa. Ile Jumamosi ya kwanza mke wangu alionja jikoni, kisha akaja mlangoni akiwa ameshika karatasi yako. Hapo ndipo nilipojua mnaandikiana. Akasema, "Binti yako amekosea vipimo, sungura wa pili nitampata sasa hivi, nipe saa mbili nipike upya." Nikamwambia alete nione. Nikaona mwandiko wako, namba zimesimama mstari mmoja kama daftari lako la shule. Nikamwambia, "Huyu hakosei vipimo. Huyu amekasirika. Lete sahani."

Kijiko cha kwanza kilinitoa machozi, ingawa nusu yake yalikuwa ya siki. Mama, miezi minane sijapata kitu chochote kutoka mkononi mwako. Barua sikupata, salamu sikupata. Hicho ndicho kilikuwa cha kwanza na kilikuwa kikali, lakini kilikuwa chako, na mimi sikuona namna ya kukirudisha jikoni. Nikala. Na yeye akavuta kiti akala cha kwake, wala sikumwomba. Jumamosi ya pili alipika vile vile kwa sababu nilimkataza kubadilisha, isipokuwa kikombe kimoja cha siki kilimwagika kwa bahati mbaya, hivyo ndivyo anavyosema.

Sasa la kwangu. Nilipoamua kuoa, wa kukuandikia nilikuwa mimi. Nilianza barua nne, zote ziko kwenye droo ya benchi ya kazi, chini ya misumari. Kila nikifika mahali pa kusema neno lenyewe naona aibu, mwaka ulikuwa haujatimia tangu tumzike mama yako. Nikamwachia dada yangu akuambie, kwa kuwa yeye hana aibu. Nilikosea. Nakuomba radhi. Siombi radhi kwa kuoa, nyumba ilikuwa kimya mpaka nilikuwa nawasha mashine bila ubao ili nisikie kitu. Naomba radhi kwa kukunyamazia.

Na la mwisho, ili pasibaki uongo. Mimi sikuomba sungura. Hata siku moja. Nilichokuwa nauliza kila siku ni kama posta imeleta kitu. Yeye ndiye aliyekwenda kumtafuta sungura.

Ukikasirika tena mwanangu, kasirika, lakini siki weka kikombe kimoja. Hili ni tumbo la mzee.

Baba yako


16 Aprili

Mama Upawa, na Baba kama mnasoma pamoja,

Shikamooni.

Barua zangu mbili za mwanzo hazikuwa na shikamoo. Sikusahau. Niliiacha kwa makusudi, kama nilivyoandika vikombe viwili kwa makusudi. Ile haraka niliyoisema haikuwepo. Nilikaa na kalamu zamu nzima nikipanga uongo ule vizuri kuliko ripoti yoyote niliyowahi kupeleka kwa mkuu wangu. Niliwaza kwamba utapika, Baba atakunja uso, atasukuma sahani, na atakumbuka aliyekuwa akipika zamani. Wala sikuwaza kwamba atakula. Nikikumbuka ile sahani ya pili naona haya mpaka masikioni. Nisamehe, Baba. Mama Upawa, nisamehe na wewe, uliyekula bila kuwa na kosa lolote.

Nitasema na sababu. Kabati la Mama sasa ni lako, kitanda ni chako, Baba ni wako, na sina haki ya kulalamika kwa hayo. Lakini barua yako ilipokuja kuomba mchuzi niliona kwamba huo nao ukienda, humo ndani hatabaki Mama hata wa kijiko kimoja. Nikauficha. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu huwezi kuuficha mchuzi na wakati huo huo ukaula. Tangu tumzike sijaupika hata mara moja.

Basi huu hapa, wa kweli.

Mama alikuwa hapimi kitu. Hilo nalo nilidanganya. Vipande alivilaza kwenye maji baridi yenye chumvi na kijiko kimoja cha siki, kimoja tu, kuanzia asubuhi mpaka karibu na mchana. Akivitoa anavikausha kwa kitambaa, kimoja kimoja, kama anafuta mtoto aliyetoka kuoga, anavipitisha kwenye unga wa ngano na pilipili manga, kisha anavikaanga vichache vichache. Alikuwa anasema nyama ikibanana sufuriani inatoka jasho badala ya kuiva rangi. Vikishakuwa vya kahawia pande zote anaviweka kando.

Kwenye mafuta yale yale vinaingia vitunguu vitatu, moto mdogo, mpaka vilegee kabisa. Kitunguu saumu. Nyanya mbili, si sita. Anakwangua chini ya sufuria kwa mwiko, ile rangi iliyoganda pale ndiyo mchuzi wenyewe. Nyama inarudi, maji yanaifikia mabegani, hayapiti kichwa. Karafuu mbili. Anafunika na kupunguza moto mpaka lazima usogeze sikio ndipo usikie kama inachemka. Baada ya saa moja karoti, vipande vinene. Viazi nusu saa baadaye, ili vifike mezani vikiwa bado viazi. Njegere mwisho, kama zipo.

Figo mbili alikuwa anazikaanga pembeni na chumvi, moja yake moja yangu, tunakula tumesimama mbele ya jiko. Aliita mshahara wetu. Na kipande cha mgongo kilikuwa changu, kwenye kisahani cha bluu, tangu nikiwa siifikii meza.

Kimoja sijui kukiandika. Mwishoni alikuwa anafunua mfuniko, anagusa paja kwa mpini wa kijiko, anasikiliza kidogo, kisha anasema "sasa". Anazima moto hapo hapo. Nimejaribu kukumbuka ilikuwa dakika ya ngapi, kwa kuwa kupima ndiyo kazi yangu, na siwezi. Ilikuwa ni sasa tu. Nikiwa pale nadhani ningeijua.

Pika, Mama. Nakupa kwa moyo mmoja.

Binti yenu


24 Aprili

Binti yangu,

Safari hii sikufuta.

Marahaba, mwanangu, zile mbili za nyuma zote zimepokelewa pamoja na hii. Kilichokula siki ni tumbo, moyo haukuguswa, na mimi nimewahi kula vibaya zaidi ya hapo karakanani, siku msaidizi wangu alipodhani magadi ni chumvi. Yamekwisha.

Barua yako baba yako aliisoma kwa sauti. Alipofika kwenye figo akarudi juu, akasoma tena. Kumbe miaka thelathini aliambiwa sungura ni mnyama asiye na figo. Aliwahi hata kubishana na Mwalimu juu ya jambo hilo, wakanuniana wiki nzima. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, nikampiga mgongoni, akaendelea kucheka. Jioni alivuka kwenda kumwomba Mwalimu msamaha.

Sasa nisikilize, na usione vibaya. Huo mchuzi sitaupika.

Sungura najua kumpika kwa njia tatu, na nimeshampikia baba yako wa kwangu, wenye limau. Amekula, mkanda umerudi tundu moja. Wa mama yako nimeusoma mara mbili, nimeona ulivyo mzuri, nimeukunja, nimeurudisha kwenye bahasha. Pale juu ya kabati la jikoni lipo kopo la biskuti la mama yako lenye vifungo na nyuzi, ambalo tangu niingie nalifuta vumbi tu silifungui. Juzi nilimwomba baba yako alifungue, akaiweka bahasha humo. Nilipoingia humu ndani nilikuta mtu ameshakaa kabla yangu, na sikuja kumwondoa. Hilo ningekuambia mapema, ila hukuwa unapokea simu.

Kwa hiyo utakuja kuupika wewe. Wewe ndiye utakayegusa paja na kusema "sasa". Mimi nitamenya viazi, na katika kumenya viazi simwogopi mtu. Figo mtagawana na baba yako, maana kwa sasa hadanganyiki tena.

Mwalimu ametutengea dume mwingine, nimemwambia hachinjwi mpaka ufike. Ila usichelewe. Anazidi kunenepa, na baba yako ameanza kumpelekea maganda ya karoti kila asubuhi na kuzungumza naye. Ukikawia mwezi mzima itabidi tupike mboga peke yake.

Ndiyo, ni kile chenye ufa pembeni. Kipo mezani.

Mama Upawa


30 Aprili

Shikamooni.

Nimepewa likizo ya siku kumi, nafika Ijumaa tarehe tisa na basi la asubuhi. Baba asije kunipokea kituoni kwa sababu ya vumbi, njia ya nyumbani naijua. Amwambie yule sungura kwaheri taratibu.

Mama, siki msinunue. Nakuja nayo ndani ya kichupa cha kazini, kijiko kimoja, nimeshaipima.

Binti yenu